Legolas kwa elfu kumi: wa boksi, wa mtumba au wa kuagiza?

Ukitaka kupanga midoli ya Legolas na Gimli wa filamu za The Lord of the Rings, na ya mwanafunzi wa uchawi Harry Potter, juu ya kabati la sebuleni bila kugusa hela ya kodi, Dar inakupa njia tatu. Kuna boksi jipya linaloning'inia madukani Kariakoo, kuna mdoli wa mtumba usio na boksi kule Karume na Tandika, na kuna kuagiza nje. Hukumu tunaitoa mapema: mtumba kwanza, kuagiza pili, boksi jipya la bei chee mwisho kabisa. Kinachoamua ni viungo. Mdoli wa aina hii haununuliwi kwa sura peke yake. Unanunuliwa ushike upinde, upige goti, ugeuze shingo, kisha ubaki umesimama.

Tulimalize la boksi kwanza. Ukipita Mtaa wa Kongo au Msimbazi, mengi utakayoona ni ya kughushi, na kipimo cha haraka ni Gimli. Viwanda vya kughushi hutumia umbo moja la mwili kwa wahusika wote, vikabadilisha kichwa na rangi tu. Gimli ni mbilikimo. Akilingana bega kwa bega na Legolas, rudisha kwenye ndoano. Halafu tazama kiwiko na goti kupitia plastiki ya boksi. Penye kiungo cha kweli pana mkato na kichwa cha pini pembeni. Ukiona mkono ulionyooka wa kipande kimoja kutoka begani hadi kiganjani, ujue una viungo vitano tu: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Kwa Harry Potter, tafuta ngao ya WB, yaani nembo ya kampuni ya filamu ya Warner Bros., kwenye boksi na usome jina herufi kwa herufi. Muuzaji ataanza juu kwa sababu ya boksi, lakini kwetu bidhaa hiyo haifiki 8,000. Na kama ina harufu kali ya kukaba, si ya mtoto kwa bei yoyote.

Kwenye mtumba ndiko kwenye mali. Belo la midoli likifunguliwa, vizuri huondoka asubuhi; ukifika saa nane mchana unachokuta ni magari yasiyo na matairi. Geuza mdoli usome nyayo na mgongo kabla ya kuuliza bei, maana ukiuliza huku macho yanang'aa umeshaongezewa. Maandishi madogo ya mwaka, kampuni na nchi ya kutengenezwa ndiyo kitambulisho chake. Ya kutafutwa zaidi ni ya kampuni ya Toy Biz, yaliyoanza kutoka 2001 pamoja na filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings. Mtu mzima wa kawaida katika midoli hiyo ana takriban inchi 6, yaani sentimita 15, karibu sawa na kalamu ya Bic yenye kifuniko. Beba kalamu, usibebe rula. Rula inamwambia muuzaji wewe ni nani.

Mingi ya Toy Biz ina kitufe au wenzo mgongoni unaorusha mkono wenye upanga. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ndani kuna springi na skrubu za chuma, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Bonyeza mara tatu. Mkono ukirudi kwa kusuasua, au ukitoa unga wa kutu, hesabu kwamba unanunua mdoli usiorusha chochote, upunguziwe.

Baada ya hapo kagua nyonga, magoti, vifundo vya miguu, kisha mabega, kwa mpangilio huo, kwa sababu mdoli usiosimama hauna kazi hata ukiwa na mikono mizima. Usilazimishe kiungo kilichokaza pale pale mezani. Tafuta mstari mweupe kwenye shingo ya pini: hiyo ni plastiki iliyokwisha kuchoka, itakatika mkononi mwako siku ya pili. Kulegea hutibika na kukaza hutibika, ila pini iliyokatikia ndani ya tundu ni kazi ya kutoboa na kupachika waya, na kwa mdoli wa elfu kumi hailipi.

Mdoli unaonata kama pipi si mbovu. PVC laini, aina ya plastiki, huchanganywa na kilainishi ambacho baada ya miaka, hasa kwenye joto, hutoka taratibu na kukaa juu ya ngozi yake. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo na mswaki wa zamani, kausha kivulini. Miezi ikipita unaweza kurudi kunata, unaosha tena. Thina na petroli usiguse hata muuzaji akikuapia, vinabeba rangi ya uso pamoja na uchafu.

Bei ya haki kwetu ni 5,000 kwa ulio mzima usio na silaha, hadi 12,000 kama una silaha zake na joho lake. Legolas asiye na upinde ni kijana mwenye nywele ndefu tu, na hilo lisemwe wazi wakati wa kupatana.

Kiungo kilichokaza hutibiwa kwa maji ya chupa ya chai. Yaliyokaa muda kidogo baada ya kuchemka yanatosha. Yanayotokota hupinda miguu na kuinua rangi. Zamisha kiungo dakika moja au mbili, kichezeshe mbele na nyuma taratibu, usikizungushe. Mafundi wengi watakupa mafuta ya cherehani. Kataa, kwa kuwa mafuta yanayotokana na petroli hushambulia baadhi ya plastiki. Yanayofaa ni ya silikoni tupu. Kiungo cha pini kilicholegea, kama kinachomoka, zungushia pini mzunguko mmoja wa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, rudisha. Kile chenye kichwa cha duara kinachoingia kwenye tundu kipake gundi nyeupe ya seremala, tabaka jembamba, ukiache siku nzima kabla ya kukiunganisha. Wanaokimbilia supaglu hujuta mara mbili: hugandisha kiungo moja kwa moja, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi.

Harry Potter ana tatizo la kimo. Wale wa kampuni ya Spin Master wenye nguo za kitambaa wana inchi 8, wa kampuni ya Mattel wanakaribia 10, kwa hiyo ukiwasimamisha karibu na Toy Biz, mwanafunzi anakuwa jitu. Wape rafu yao. Funko Pop, ile midoli ya vichwa vikubwa, ni nzuri kuangalia, lakini kichwa ndicho kinachogeuka, basi, hatuihesabu humu.

Kuagiza kuna maana pale unapotaka viungo vingi. Midoli ya chapa ya BST AXN ina inchi 5 na viungo 31. Ile ya kampuni ya Diamond Select, iliyoanza mfululizo wake wa The Lord of the Rings na Legolas na Gimli, iko kwenye kipimo cha inchi 7, na maboksi ya mwanzo yana vipande vya kuunda Sauron, adui mkuu wa hadithi hiyo. Raha hiyo ina mtego: ukikosa boksi moja Sauron anabaki kilema, kwa hiyo usianze kama hukusudii kumaliza. Marekani mdoli mmoja wa Diamond Select ulipotoka uliuzwa kati ya dola 25 na 30, lakini kinachouma ni usafiri. Mizigo ya ndege mara nyingi hutozwa kwa ukubwa: boksi la sentimita 30 kwa 20 kwa 10, ukigawanya ujazo wake kwa 5,000, ni kilo 1.2, wakati mdoli wenyewe hauzidi nusu kilo. Juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, inayopigwa juu ya bei, usafiri na ushuru kwa pamoja. Agizeni watu watatu au wanne kwa mkupuo mmoja, na mwambie wakala atoe maboksi ya nje kama huyataki.

Nyumbani, adui ni dirisha la magharibi. Jua la alasiri hugeuza plastiki nyeupe kuwa njano, na joto hulegeza vifundo vya miguu hadi mdoli unainama wenyewe na kuangusha jirani zake kama dhumna. Mguu uliopinda uchovye maji ya moto, unyooshe, kisha uzamishe kwenye maji ya barafu ukiwa umeushikilia ili ugande ulivyo. Usifungie midoli kwenye mfuko wa nailoni, kile kilainishi hakina pa kwenda. Wakati wa masika weka ndani ya kabati vile vipakiti vya silika vinavyofyonza unyevu. Wauza viatu Kariakoo huvitupa kila wanapofungua maboksi, na hawavitozi hela.