Bone ya juzuu moja: kitabu kinachoweza kukuvunja pua

Nianze na uzito, maana ndio ulionipata mimi kwanza. Toleo hili la Bone, hadithi ndefu ya katuni, limekusanya kurasa zaidi ya 1,300 ndani ya jalada moja. Usiku wa tatu nilikuwa nimelala chali nimekiinua juu ya uso, usingizi ukanipitia, nacho kikanishukia puani. Nilitokwa machozi nikiwa bado sijaamka sawasawa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote: kisome ukiwa umekaa, mto mapajani, kitabu juu ya mto.

Si changu. Ni cha mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, aliyenikabidhi kwa masharti: nisikunje pembe za kurasa, nisikiweke chini kikiwa wazi. Nilikipokea kama mtu mzima anavyopokea mchoro wa mtoto, yaani kwa tabasamu na bila nia ya kukisoma.

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi. Kutwa nzima nawinda koma iliyopotea na neno lililorudiwa mara mbili, na mtu akikaa sana kwenye kazi hii macho yake hufika mahali yakawa hayaoni kitu ila herufi. Picha kwangu ilikuwa ile nafasi inayobaki maneno yakishaisha. Basi nikaanza kusoma viputo vya maneno tu, kiputo hadi kiputo, nikifunua kurasa kama anayehesabu noti. Mwenye kitabu alikuwa pembeni ananitazama.

"Mjomba, unaruka."

"Naruka nini? Nimesoma kila neno."

"Maneno umeyasoma. Picha je?"

Akanirudisha nyuma mpaka kwenye tawi. Waliokisoma wanalijua tawi hilo. Fone Bone, kijitu cheupe chenye pua kubwa na mkoba mgongoni, anafukuzwa na majipanya mawili yenye manyoya na meno ya kutisha. Anafika ukingoni mwa genge, anaruka, anadaka kijitawi kilichoota ubavuni mwa jabali. Ananing'inia pale akijipa moyo kwamba hayo majipanya yangekuwa majinga kupita kiasi kumfuata kwenye kitu chembamba namna ile. Halafu yako naye. Wote watatu kwenye kitawi kimoja, na safari ya kwenda chini inaanza.

Mara ya kwanza nilikuwa nimepita hapo kwa sekunde mbili. Nilisoma maneno ya Fone Bone, nikasoma makelele yaliyofuata, nikaendelea zangu. Safari hii mpwa wangu aliweka kidole kwenye ule mwanya mweupe kati ya kisanduku cha picha na kinachofuata, akakiacha hapo. Nikatazama kisanduku cha kwanza. Nikatazama mwanya. Nikatazama kilichofuata, nikaziona zile sura mbili za kijinga zikigundua zimefanya nini, nikacheka mpaka nikakohoa. Mzaha ulikuwa pale kwenye mwanya, mahali ambapo hapakuchorwa kitu, ukisubiri msomaji aufanye mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza upya kutoka ukurasa wa kwanza, mwendo wa kinyonga.

Mchoraji na mwandishi ni mtu mmoja, Jeff Smith wa Marekani. Alianza kuitoa hadithi hii mwaka 1991 kama vijitabu vyembamba alivyovichapisha mwenyewe, mke wake Vijaya Iyer akishika upande wa biashara, na kijitabu cha 55, cha mwisho, kikatoka mwaka 2004. Kabla ya kuianza alikuwa kwenye kazi ya katuni za filamu, na unaiona kazi hiyo katika jinsi miili inavyokimbia, inavyojikwaa, inavyoganda kabla ya kuanguka. Kuna mahali majira ya baridi yanaingia bondeni: theluji haipukutiki kidogo kidogo, inadondoka yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu kamwaga gunia kutoka mbinguni. Kisanduku kimoja, basi. Mimi ninayeishi kwa maneno nilijaribu kulisema hilo kwa maandishi. Nilihitaji sentensi tatu, na ya pili ikaua mzaha.

Hadithi yenyewe nitaigusa juu juu. Fone Bone na binamu zake wawili wametimuliwa mjini kwao, Boneville, kwa sababu ya mmoja wao, Phoney, bahili na tapeli ambaye hajawahi kuona watu wawili wamekaa pamoja asifikirie namna ya kuwatoza. Wa tatu, Smiley, anatabasamu tu na sigara yake. Wanapotea jangwani, wanatengana, wanaibukia kwenye bonde wasilolijua. Humo kuna msichana, Thorn, na bibi yake, Gran'ma Ben, kikongwe mwenye misuli ambaye burudani yake ni kushindana mbio na ng'ombe. Kwa miguu. Na kwa kawaida anashinda.

Lazima nikiri kwamba fantasia zilinichosha zamani. Ramani kurasa za mwanzo, nasaba za wafalme kurasa za mwisho, katikati majina yasiyotamkika. Hapa maajabu yanaingia kwa mlango wa uani. Joka jekundu lipo msituni tangu mapema, masikio yamelegea, kope nzito kama la mtu aliyeamshwa usingizini, na Fone Bone akilitaja watu wanamwona mzushi. Kwa muda mrefu unaamini unasoma vichekesho vya shambani. Ule ufalme ulioanguka, vita, ndoto zinazomrudia Thorn, vinakuja polepole, na vikifika vinakuta tayari umewapenda hawa watu, kwa hiyo unaogopa kweli.

Hata majipanya. Lile moja linataka windo lao lipikwe liwe pai ya mayai, na mwenzake anaona aibu: majitu ya kutisha yanakula pai? Wanabishana hilo kitabu kizima kama mke na mume. Hao hao usiku ndio wanaovamia nyumba za watu. Nimesoma riwaya nene zilizoshindwa kumpa adui uhai wa nusu ya huo.

Na kuna mzaha mmoja nitakaoubeba mpaka kustaafu. Fone Bone anatembea na Moby Dick, ile riwaya nene ya kuwinda nyangumi, mkobani, anakipenda kuliko chochote, na kila akianza kuwasomea wengine kwa sauti wanalala fofofo. Nimesahihisha ripoti zenye uwezo huo huo.

Sasa lawama. Ukivuka katikati, viputo vinanenepa. Watu wanasimama na kuelezana unabii, nani alimsaliti nani, mizimu gani imefungwa wapi, na ile mianya myeupe niliyofundishwa kuipenda inakosa kazi, maana kila kitu kimeshasemwa. Adui mkuu, Bwana wa Nzige, hana sura ya kukumbukwa; namwogopa kwa kuwa nimeambiwa nimwogope. Sehemu hizo nilizisoma kama kazini, kalamu ikinikosa mkononi. Aliyeniokoa ni Smiley, na mtoto wa jipanya anayemlea. Kila wakitokea wawili hao, kitabu kinakumbuka kupumua.

Kuhusu rangi: hiki kizima ni cheusi na cheupe. Kuanzia mwaka 2005 hadithi hii ilitolewa pia kwa rangi, katika vitabu tisa, rangi zikiwa kazi ya Steve Hamaker. Nimevitazama. Ni kazi safi, na kwa mtoto asiyeweza kubeba tofali nitashauri hivyo tisa bila kusita. Lakini mimi nabaki na wino. Usiku wa Smith ni weusi mtupu wenye macho mawili ndani yake, na ukishatia buluu pale, kwangu kitu kimepungua.

Kwenye simu usijaribu. Nilijaribu, siku moja nilipokuwa mbali na lile tofali, kwa programu inayokuonyesha kisanduku kimoja kimoja kikijaza kioo. Nikafika kwenye tawi. Fone Bone, kidole kinasukuma kioo, majipanya. Hamna. Mwanya umefutwa, na pia nimenyimwa kuona kwa pembe ya jicho kwamba kuna kitu kinakuja chini ya ukurasa. Katuni za namna hii zimepangwa kwa ukurasa mzima. Jicho linaona yote kwanza, ndipo linarudi kusoma.

Umri? Mwenye kitabu alianza akiwa na miaka tisa. Kuna vifo, na kuna kurasa za usiku zilizomfanya aombe taa isizimwe, ingawa hilo ananikataza kulisema. Mtu mzima anayedhani amekua mno kwa mambo haya ajipe kurasa mia moja, bila haraka, na kama tawi halikumchekesha arudishe kitabu kwa mwenyewe.

Mimi nilikirudisha jana baada ya wiki sita. Alikikagua pembe zote, akafika ukurasa wenye theluji, akasimama.

"Hapa umekaa sana. Pana alama ya kidole."

Nikamwambia aangalie vizuri, ni ya kwake. Akaangalia, akaweka kidole chake juu yake kupima. Ni yangu.