Nimenunua kasha zima la Bruce Lee, nikagundua sauti yake sikuwahi kuisikia

Mwagonile wapendwa! Karibuni tena. Hapa Mbeya leo ni baridi, si mnaona nimevaa koti ndani ya nyumba, na mlima Loleza haujaonekana tangu asubuhi, ukungu mtupu. Mkisikia meno yanagongana msiniandikie kwamba maikrofoni imekufa. Maikrofoni ni mpya. Mlinisema sana kwenye ile video ya jiko la pumba, haya, nimenunua. Ndaga fijo.

Sasa, mzigo wenyewe huu hapa. Ngoja niusogeze kwenye mwanga. Kasha la Bruce Lee, DVD tano, kila diski picha moja: The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na Way of the Dragon za 1972, Enter the Dragon ya 1973, na hii Game of Death ya 1978 ambayo tutagombana nayo baadaye. Limetoka Dar na basi la usiku, nimelipokea stendi asubuhi. Bei ni laki na ishirini. Ndiyo, umesikia vizuri. Mke wangu naye alisikia.

Ubora wa picha na mambo mengine yameandikwa huku nyuma, simamisha video usome. Mimi nina hasira za kwanza nizitoe kabisa. Nimerudi nyumbani, nimetumbukiza diski, deki ikaandika maneno mekundu na kunitemea diski yangu. Kumbe diski hizi zimefungwa kwa ukanda, zimetengenezwa kwa deki za bara jingine. Aliyeniuzia hakusema, na simu yangu tangu siku hiyo hapokei. Nimebeba deki kwapani mpaka Kabwe kwa fundi, kijana mdogo tu. Kachukua rimoti, kabonyeza namba nne tano hivi, deki ikafunguka. Elfu tano. Kwa hiyo andikeni bei ya kweli: laki na ishirini na tano, na nauli ya bajaji. Siku ile ningekuwa na kamera mkononi, video hii ingekuwa ya dakika moja tu: msinunue.

Lakini kuna kitu kimoja humu ndani. Naomba mtulie hapa, msisogeze mbele.

Mimi Bruce Lee nimemjulia Mwanjelwa, kwenye kibanda umiza. Banda la mabanzi, turubai juu, mabenchi, kiingilio shilingi hamsini, na jenereta nje inaunguruma kuliko picha. Pembeni ya TV anakaa mzee wetu mtafsiri na spika yake. Kwa hiyo Bruce Lee ninayemjua mimi ana sauti nzito, ya mtu aliyekunywa chai ya tangawizi, na anaongea Kiswahili cha hapahapa. Anamwambia adui, "Leo utaamkia hospitali ya Rufaa." Anamwambia dada yule, "Nisubiri, naenda kuwanyoosha hawa narudi." Huyo ndiye steringi wangu. Dar walikuwa na mtafsiri wao Lufufu, sisi tulikuwa na wa kwetu.

Haya, tazama. Nabonyeza hapa kwenye sauti. Fist of Fury, pale anapoingia peke yake kwenye ukumbi wa Wajapani. Nimeweka Kimandarini. Sikiliza. Umesikia? Sauti nene, ya kiume haswa, ya jeshi. Sasa nabadilisha, Kiingereza. Sikiliza tena. Huyu ni mtu mwingine kabisa, kama mtangazaji wa matangazo ya vifo. Nabadilisha, Kikantoni. Mtu wa tatu! Mdomo ni uleule, unafunguka na kufunga, watu watatu wamejificha ndani. Na hakuna hata mmoja ambaye ni Bruce Lee. Hata mmoja!

Sababu ni kwamba enzi zile Hong Kong picha zilipigwa bila kurekodi sauti. Wachezaji wanacheza, halafu watu wengine wanakaa studio na kuwawekea maneno. Na lugha iliyotawala soko la sinema ilikuwa Kimandarini, wakati Bruce Lee kakulia Hong Kong, lugha ya kwao nyumbani ni Kikantoni. Maana yake, hata Wachina waliojaa kwenye majumba ya sinema mwaka 1971 kumwona, walikuwa wanamsikiliza mtafsiri. Yaani wao na sisi wa Mwanjelwa tulikuwa benchi moja. Nilipolielewa hilo niliweka chai chini.

Subirini, ndiyo kwanza nafika. Natoa hii, naweka Enter the Dragon. Hii ilikuwa ya ubia na Warner Bros. wa Marekani, na humu anaongea mwenyewe. Tafuta pale kwenye jahazi, yule mbabe anayeonea mabaharia anamfuata na kumuuliza anapigana mtindo gani. Sikiliza jibu. Narudia. Umesikia? Sauti nyepesi! Haraka haraka, inapanda juu kidogo, na Kiingereza chake kina lafudhi ya Hong Kong. Anasema mtindo wake ni kupigana bila kupigana. Mbabe anataka aonyeshwe, anadanganywa ashuke kwenye kimtumbwi waende kisiwani kupigana vizuri, akishashuka Bruce Lee analegeza kamba na kuwapa wale mabaharia waishike. Hajarusha hata ngumi moja. Narudia mara ya tatu, mniwie radhi. Miaka yote thelathini nimekuwa nasema namjua mtu huyu.

Na hiyo lafudhi ina historia yake, hapo ndipo nilipofuatilia mpaka saa nane usiku. Kazaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, kwa sababu baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni na walikuwa ziarani kule. Akarudishwa Hong Kong angali mchanga. Ameanza kuonekana kwenye sinema akiwa mtoto, kacheza picha kama ishirini hivi kabla hajawa mtu mzima, na nyingi hazina hata ngumi. Ngumi kajifunzia kwa Yip Man, mtindo wa Wing Chun. Mwaka 1959, na miaka kumi na minane yake, kapanda meli kurudi Marekani na dola mia moja. Akafanya kazi kwenye mgahawa wa Ruby Chow kule Seattle, akasoma chuo kikuu cha Washington, akafungua shule ya kung fu, akamwoa Linda mwaka 1964. Kiingereza chake ni cha mtu aliyehudumia meza na kusoma falsafa.

Halafu Hollywood wakampa kazi ya udereva. Kweli! The Green Hornet, mchezo wa TV, 1966 mpaka 1967, yeye ni Kato, msaidizi aliyefunikwa uso, anaendesha gari na kupiga mateke, maneno machache. Hong Kong wakauita mchezo huohuo "The Kato Show". Yule bosi wa Kato, Green Hornet mwenyewe, Hong Kong hata hawakumjali. Nimecheka peke yangu hapa.

Kuna jamaa mmoja wa chaneli kubwa ya Dar, simtaji, mnamjua. Alisema Bruce Lee alikuwa mwigizaji tu, ulingoni hakuwahi kupanda. Kaka yangu, mwaka 1958 alishinda ngumi za shule za Hong Kong. Na mwaka huohuo, hii ndiyo naipenda, alikuwa bingwa wa Hong Kong wa kucheza cha-cha. Dansi! Usicheke, nakuonyesha. Way of the Dragon, picha aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, pale Colosseum, Roma, na Chuck Norris. Nasimamisha, nasogeza kidogo kidogo. Msiangalie mikono, angalieni miguu. Mwanzo anapigwa, miguu imekaa chini, mizito. Hapa sasa, anabadilika, anaanza kurukaruka, visigino havigusi. Moja mbili, chachacha. Chuck anamfuata tu kama mtu anayetafuta chenji. Ile sehemu ya kunyofoa nywele za kifua cha Chuck naiacha, watoto wapo.

Watu wa Jackie Chan najua mtakuja kwenye maoni. Tutapanga siku yenu. Wa Van Damme, nyie tulieni.

Haya, Game of Death. Hapa nakasirika tena. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ubongo ulivimba, ana miaka 32, na Enter the Dragon ilikuwa haijatoka. Aliacha vipande vya hii picha alivyokuwa amevipiga, ile suti ya njano yenye mistari myeusi, na lile pambano na Kareem Abdul-Jabbar, mcheza kikapu wa mita mbili na zaidi. Vipande hivyo ni dhahabu. Lakini kabla ya kuvifikia unakaa zaidi ya saa nzima na mtu mwingine mwenye miwani myeusi anayejifanya ni yeye. Na tazama hapa. Kwenye kioo. Nasimamisha. Unaona? Huo uso ni picha ya karatasi imebandikwa kwenye kioo! Nasogea... karatasi! Mwili wa mtu mwingine, uso wa karatasi. Mpaka mazishi yake ya kweli wakayaingiza humo. Diski hii ningekuwa na ruhusa ningeirudisha Dar na kudai elfu ishirini na nne yangu. Na humo humo mhusika anapigwa risasi ya kweli akiwa anapiga picha ya sinema, na mwaka 1993 mwanaye Brandon akafa hivyohivyo kazini, bastola iliyodhaniwa salama. Wamelala jirani Seattle. Mimi kipande kile nilikipita.

Mnauliza bora kujaziwa kwenye flashi pale mtaani, mia tano picha moja. Nitakuwa mkweli, nilikuwa nasema hivyo mpaka wiki iliyopita. Lakini kwenye flashi unapata sauti moja, ya yule mtangazaji wa vifo, basi. Kama hujali sauti, usinunue kasha. Kama una deki ambayo haijafunguliwa, pitia kwanza Kabwe.

Ah, nimesahau swali la ile Fist of Fury, mwisho wake. Anatoka mlangoni, anakimbilia bunduki, anaruka, picha inaganda angani, zinasikika risasi. Tuligombana miaka yote, steringi kafa au hakufa. Mzee wetu wa kibandani alitutafsiria hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Hapo ameruka ukuta, amedaka basi la Tukuyu." Tukarudi nyumbani na amani.

Juzi nimembebea mzee huyo kasha lote, deki na TV ndogo, yuko Uyole siku hizi, analima viazi. Nimempa shikamoo, nikamwekea ile ya kwenye jahazi, sauti yenyewe halisi. Nikamwambia, "Mzee, huyu ndiye yeye." Akasikiliza, kichwa kimeinama. Akaomba irudiwe. Kisha akaniambia, "Mbona anaongea kama anachelewa darasani? Hebu ipunguze hiyo." Nikapunguza mpaka sifuri. Akakohoa, akavuta kiti.

Video yake naihariri, Jumamosi saa mbili usiku. Aliyebonyeza kengele ataambiwa ikitoka, asiyebonyeza shauri yake. Na yule muuzaji wa Dar, kama unaangalia, pokea simu.