Rivyu ya Jeopardy: nimeiangalia nikimfuata Ken Jennings mwanzo mwisho

Likizo yangu yote ya wiki mbili imeishia kwenye Jeopardy, ile chemsha bongo ya Wamarekani, na nimeiangalia kwa mtindo ambao nawashauri na nyie, yaani nimeshika mtu mmoja nikamfuata. Ken Jennings. Anaingia 2004 programa tu wa kompyuta kutoka Salt Lake City hakuna anayemjua, leo yeye ndo anaendesha kipindi chenyewe.

Kwa ambao hamjawahi kuona: washiriki watatu, ubao una mada sita na kila mada maswali matano, kila swali na bei yake, raundi mbili, halafu linakuja swali moja la mwisho ambalo unaweka dau kabla hujaliona. Unapewa maelezo we ndo unajibu kwa mtindo wa swali, "Nani fulani?", mwanzo inachanganya ila ukishaangalia mechi mbili hata hushtuki tena.

Sasa kilichonikamata ni baza, kile kitufe cha kubonyeza ili upewe nafasi ya kujibu. Mi nimekua na chemsha bongo ya Zain Africa Challenge, ile aliyoiendesha John Sibi-Okumu, nikajua baza ni kuwahi tu. Kumbe Jeopardy huruhusiwi kubonyeza mpaka swali lisomwe lote na taa za pembeni ya ubao ziwake, ukiwahi unafungiwa robo sekunde, na robo sekunde pale wenzako washachukua pointi. Mara nyingi wote watatu wanajua jibu jamani, angalia vidole vyao utaona, mtu anabonyeza baza kama kichaa na haipokei! Ken kipindi hiki amekiangalia tangu mtoto, aliishi Korea Kusini na wazazi wake akawa anakiona kupitia televisheni ya wanajeshi wa Marekani, na ukimtazama unaona kabisa mwendo wa kusoma wa Alex Trebek, mwendeshaji wa enzi hizo, umemwingia mwilini, anabonyeza pale pale sauti inapoisha.

Na alibaki kidogo asijulikane kabisa. Siku ya kwanza swali la mwisho lilikuwa mwanamke wa kwanza kwenye riadha kupata medali tano kwenye Olimpiki moja, yeye akaandika "Jones" tu, bila Marion, na majaji wangekataa angelala siku hiyo hiyo akiwa wa tatu. Wakakubali. Akashinda dola 37,201, na kuanzia hapo mechi 74 mfululizo, dola 2,520,700. Na huko nyuma ukishinda siku tano ulikuwa unaagwa, hiyo sheria waliifuta 2003, mwaka mmoja tu kabla hajaja. Wanarekodi mechi tano kwa siku, kwahiyo mtu anatoka, anabadili shati, anarudi kupambana na watu wawili wapya ambao hawajachoka. Hicho ndo nakiheshimu zaidi kwake, ule utulivu, ukimwangalia huwezi kujua kama hii ni mechi ya tatu au ya hamsini.

Mechi aliyofungwa, 30 Novemba 2004, nimeirudia mara nne. Anaongoza 14,400 kwa 10,000 za Nancy Zerg. Swali: kampuni ambayo wengi wa wafanyakazi wake 70,000 wa msimu, wa ofisini, wanafanya kazi miezi minne tu kwa mwaka. Jibu ni H&R Block, wale wa kujazia watu fomu za kodi. Ken akaandika FedEx. Nancy akapata, akamaliza na 14,401. Niliumia kama namjua.

2011 ya kompyuta ya IBM, Watson, iangalieni mara moja inatosha, mashine ilichukua 77,147 na Ken 24,000, lakini mi sioni raha ya kushindana kubonyeza na mashine.

Kama una muda wa kitu kimoja tu basi chukua mashindano ya Januari 2020, Ken na Brad Rutter (huyu alishamfunga Ken 2005) na James Holzhauer, yule aliyeweka rekodi ya dola 131,127 kwa mechi moja. James anaanza na maswali ya hela nyingi halafu anaweka dau kubwa kubwa. Na Ken wa 2020 sio wa 2004, kajifunza, na yeye anaweka dau la kila alichonacho. Mechi ya kwanza iliisha Ken 63,400 kwa 63,200 za James, yaani tofauti ni swali moja, tena lile la bei ya chini kabisa ubaoni! Ken akaja kulichukua kombe na dola milioni moja.

Lawama zangu: ni ya Kimarekani mno, marais wao, majimbo yao, besiboli, utakaa kimya maswali kadhaa mfululizo. Na vipande vya YouTube vinakatwa vibaya, unakuta swali la mwisho limewekwa peke yake bila mechi iliyolitangulia, utamu unapotea.

Kama mwendeshaji je? Trebek alifariki Novemba 2020, Ken akashika nafasi kwa muda Januari 2021 na sasa amebaki peke yake. Sauti ya Trebek hana. Ila mshiriki akikosa anajua aseme nini na aishie wapi, maana alishasimama pale, na mi hilo linanitosha.

Nawapa 8 kwa 10. Anzeni na 2020, mkinogewa rudini 2004, na msiangalie peke yenu. Mi naangalia na mdogo wangu wa form three, tuna peni mbili za kubofya, napozi video nasoma swali kwa sauti, akibofya kabla sijamaliza namfungia. Jana nilimfungia mara mbili tu.