Kiunzi Kipi cha Kuundia Viendelezi vya Kivinjari: cha Zamani au Kipya?

Viunzi vya kuundia viendelezi vya kivinjari, yaani misingi ya msimbo iliyo tayari ya kujengea programu ndogo zinazokiongezea kivinjari uwezo, hutolewa bure, kwa hiyo gharama inayopaswa kupimwa ni ya matengenezo, yaani saa zitakazotumika kurekebisha msimbo kila masharti ya vivinjari yanapobadilika. Badiliko kubwa limekwisha kutokea: tangu Januari 2022 duka la Chrome halipokei viendelezi vipya vya umma vya Manifest V2 (V2, toleo la zamani la kanuni za viendelezi, ambalo nafasi yake imechukuliwa na V3), na Chrome 139, iliyotoka mwaka 2025, iliondoa hata ruhusa ya muda iliyokuwa imebakia kwa kampuni. Firefox bado inavikubali.

Nafasi ya kwanza naipa WXT. Imejengwa juu ya Vite, zana ya kukusanya na kuandaa msimbo wa wavuti, huandaa yenyewe manifest.json, faili inayokieleza kiendelezi kwa kivinjari, kutokana na mpangilio wa mafaili yako, na kutoka msimbo uleule hutoa toleo la V3 kwa Chrome na la V2 kwa Firefox. Haikulazimishi kutumia React, maktaba maarufu ya kujengea sura ya programu, kwani Vue, Svelte na Solid zote zinakubalika, na kwa msanidi anayelenga vivinjari zaidi ya kimoja sioni chaguo linalomwokolea kazi nyingi kuliko hili.

Ya pili, ambayo wengi huidharau bila sababu, ni kutotumia kiunzi chochote. Kiendelezi chenye mafaili matatu au manne kinaandikika kwa JavaScript ya kawaida na kujaribiwa kwa web-ext, zana ya Mozilla, na hakitakuwa na vifurushi vya kusasishwa kila mara.

CRXJS naiweka ya tatu. Ni programu-jalizi ya Vite inayomfaa mwenye mradi wa Vite tayari, ingawa ilikaa muda mrefu mno katika hatua ya majaribio. Plasmo inafuata: inategemea Parcel, zana ya kazi kama ya Vite, na ni hodari katika kupachika vijenzi vya React ndani ya kurasa za tovuti, lakini kasi ya matengenezo yake imepungua, nami nisingeanza nayo mradi mpya.

Mwisho kabisa ni violezo vya zamani vya webpack, zana nyingine ya kukusanya msimbo, vilivyoandikwa enzi za V2. Kasoro yao haimo katika webpack yenyewe, bali katika dhana kwamba ukurasa wa usuli, yaani sehemu ya kiendelezi inayofanya kazi bila kuonekana, uko hai muda wote. Chini ya V3, Chrome huuzima mchakato wa usuli baada ya sekunde 30 za kutokuwa na shughuli, na data iliyohifadhiwa katika vigeu hupotea. Ni lazima iandikwe kwenye hifadhi ya kiendelezi. Hakuna kiunzi, hata kipya, kitakachokufanyia uamuzi huo.

Katika bajeti, weka dola 5 za Marekani zinazolipwa mara moja kusajili akaunti ya msanidi wa Chrome. Firefox haitozi ada, ilhali kuchapisha kwa Safari kunahitaji uanachama wa Apple wa dola 99 kwa mwaka.