Kliniki ya saratani iliyokataa kutuuzia dawa ghali

Kliniki binafsi tuliyompeleka baba hapa Dar kwa ajili ya saratani ya umio naipa nyota nne, na tatu kati ya hizo ni kwa sababu ya dawa waliyokataa kutuuzia.

Baba mdogo alikuwa ameshatutajia dawa hiyo, trastuzumab, na nyumbani mazungumzo ya kuuza kiwanja cha Chanika yalikuwa yameanza. Daktari hakugusa habari ya bei. Aliomba majibu ya kinyama, kile kipande kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, akageuza kompyuta ili mama naye aone. Dawa hiyo, alisema, hushika protini ya HER2 iliyo juu ya chembe za saratani. Kama protini hiyo haijazidi, dawa haina pa kushika. HER2 hutafutwa kwenye adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za tezi, hasa ile ya chini, umio unapoungana na tumbo. Ya baba ni skwamasi, inayoanzia kwenye chembe bapa za utando wa umio, ndiyo iliyo nyingi kwetu Afrika Mashariki. Hata kwa anayefaa hakutia chumvi: katika utafiti wa ToGA wa 2010, wagonjwa ambao saratani ilishafika mbali waliishi miezi 13.8 hivi kwa dawa hiyo pamoja na kemo, na 11.1 kwa kemo peke yake. Tena moyo lazima upimwe kwanza, maana dawa yenyewe inaweza kuudhoofisha.

Kiwanja bado kipo.

Kwa skwamasi alitaja pembrolizumab, ya kuamsha kinga ya mwili, ambayo Marekani iliidhinisha 2021 itumike na kemo. Akataka PD-L1, protini inayoonyesha kama dawa hiyo inaweza kusaidia, ipimwe kwanza. Wakati huohuo baba hakuwa anameza hata uji, kwa hiyo wakamwekea stenti, bomba la waya linalotanua njia ya chakula. Siku chache baadaye alimaliza bakuli la mtori uliosagwa, akaomba kuongezewa! Nesi, mungu ambariki, alimwandikia mama kwa mkono: akae wima anapokula, asimeze mapande ya nyama, mkate mkavu hapana.

Nyota niliyoinyima ni ya mawasiliano. Kinyama kilipopelekwa maabara ya nje hakuna aliyetupigia simu. Mimi ndiye niliyekuwa nafuatilia, huku mgonjwa anapungua kilo.

Ukienda, omba hospitali iliyotoa kinyama ikupe na bloku yake ya nta, yaani kinyama chenyewe kilichohifadhiwa ndani ya nta, si karatasi ya majibu tu. Vipimo vya HER2 na PD-L1 hufanywa kwenye bloku hiyo. Bila bloku, mgonjwa anaweza kurudishwa kwenye endoskopi upya, kuingizwa mpira wa kamera kooni ili akatwe kinyama kingine.