Zabibu ileile, kilima kingine: nilivyoonja Champagne

Yuro 90 kwa glasi nne za Champagne, mvinyo wa povu wa eneo la jina hilo huko Ufaransa. Shemeji yangu aliposikia bei alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni pamoja na chakula. Kulikuwa na jibini na vipande vya mkate, basi.

Tulikwenda mwezi Mei. Mimi naishi Brussels. Yeye alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Dodoma, ambako ana ekari mbili za mizabibu upande wa Hombolo. Nilitaka aone wenzake wanavyolima. Kampuni ya matembezi sitaitaja, maana nina la kuilalamikia: basi dogo lilichelewa kutuchukua Épernay, mji wa eneo hilo, kwa dakika 40, na muda huo ukakatwa shambani. Duka la zawadi halikupunguziwa hata dakika moja.

Hata hivyo dakika 20 tulizopata Cramant zilitosha. Kijiji hicho kiko Côte des Blancs, safu ya vilima kusini mwa Épernay ambayo sehemu kubwa inatazama mashariki, na karibu mizabibu yote ya pale ni Chardonnay, aina ya zabibu nyeupe. Udongo wa juu ni mwembamba. Chini yake ni chaki tupu, mabaki ya viumbe wadogo wa bahari iliyofunika eneo lile zama za dinosaria. Shemeji aliokota bonge, akalivunja, vidole vikabaki vyeupe kama vya mwalimu wa darasa la kwanza. Halafu akalimiminia maji ya kunywa kutoka kwenye chupa yake. Yakapotea. Akaongeza, yakapotea tena.

Dada aliyetuongoza alicheka, akasema mita moja ya ujazo ya chaki hubeba lita 300 hadi 400 za maji. Mvua ikizidi, yanazama chini na mizizi haikai kwenye tope. Jua likiwaka, mzabibu unanyonya polepole kutoka kwenye akiba hiyo. Ndiyo maana hawamwagilii. "Sisi maji tunayakimbiza," shemeji akaniambia kwa Kiswahili, "hawa wameyakalia."

Tukarudi Épernay kuonja. Glasi ya kwanza, ya kukaribisha, ilikuwa baridi mno, na imemiminwa kwenye zile glasi ndefu nyembamba. Sikusikia ladha yoyote zaidi ya povu. Niliomba glasi za mvinyo za kawaida, zenye tumbo, na chupa zilizobaki zitolewe kwenye barafu robo saa kabla ya kumiminwa. Mama mwenye chumba cha kuonjea hakukasirika. Nadhani alifurahi.

Hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi. Glasi ya pili ilikuwa Chardonnay ya Cramant, ya tatu Chardonnay ya Montgueux, kilima kilicho karibu na Troyes, kama kilomita mia moja kusini. Aina moja ya zabibu, zote zimeota juu ya chaki, na niliuliza: zote mbili hazikuongezwa sukari mwishoni. Lakini ya Cramant ilikuwa nyembamba, imenyooka, ndimu na tufaha bichi, uchachu unaokaa ulimini hadi unatamani kitu cha chumvi. Ya Montgueux ilinukia pichi na embe, na kinywani ilikuwa pana. Tofauti ni mahali. Montgueux inatazama kusini na kusini-mashariki, inapigwa jua muda mrefu, zabibu zinaiva zaidi. Katika nchi ambayo wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 11 tu, mgongo wa kilima kugeukia huku au kule si jambo dogo.

Ya nne ilikuwa Pinot Noir, aina ya zabibu nyeusi, kutoka Côte des Bar, kusini zaidi, ambako chaki imeisha na kuna udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, umejaa maganda ya chaza wadogo wa kale. Ardhi hiyo ina undugu zaidi na ya Chablis, eneo jingine la mvinyo kusini zaidi, kuliko ya Épernay. Mvinyo wake ulikuwa mnene, wenye harufu ya zambarau iliyoiva nusu. Ila huo uliongezwa gramu 5 za sukari kwa lita, kwa hiyo unene wake wote siwezi kuupa udongo. (Wakulima wa huko waliwahi kuambiwa kwamba wao si Champagne. Mwaka 1911 waliandamana kwa hasira, na waliingizwa rasmi mwaka 1927. Dada yetu hakuligusa hilo.)

Jambo moja sikukubaliana naye. Alisisitiza kwamba katika glasi ya Cramant tunaionja chaki yenyewe. Hapana. Mzizi haunyonyi jiwe, na madini yanayofika kwenye zabibu ni kidogo mno kwa ulimi. Chaki inafanya kazi kwa kugawa maji na kupoza mizizi. Kilima kwa kugawa jua. Kisha anakuja mwenye mvinyo na miaka anayouacha ulale juu ya mashapo ya hamira iliyotengeneza povu. Sheria inadai walau miezi 15 kwenye chupa, ila chupa hizi tatu zilikuwa zimekaa zaidi ya miaka mitatu.

Nyota 3 kati ya 5. Moja niliikata kwa sababu ya basi, nyingine kwa glasi ya kwanza. Ukienda, uliza mapema kama utaonja mvinyo wa kijiji kimoja kimoja, maana matembezi mengi ya bei hii yanakupa mchanganyiko wa vijiji vingi, ambao ni mtamu lakini hautakuonyesha kilima chochote.

Nilinunua chupa mbili za Montgueux. Shemeji hakununua kitu. Alikuwa amemwuliza yule mama mizizi inashuka mita ngapi, na basi lilipopiga honi walikuwa bado wanachoreana kwenye karatasi ya bei.