Gunia la mahindi Dar: ununue nini dhidi ya fukusi na dumuzi

Gunia la kutoka Songea likishushwa stendi ya Mbezi, wengi wetu tunakwenda duka la pembejeo Kariakoo na kusema, "Nipe dawa ya wadudu." Kabla hujalipa, wajue wadudu wenyewe. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi, anayeitwa pia skania, kichwa kimejificha chini ya kifua, naye huacha unga mwingi. Dawa iitwayo pirimifosi-methili humuua fukusi vizuri, lakini dumuzi huihimili. Dawa nyingine, permethrini, humweza dumuzi zaidi kuliko fukusi. Hata fukusi kwa fukusi wanatofautiana: wenye vimeng'enya vingi vya kuvunja sumu hunusurika, na hao ndio wanaozaa kizazi kijacho.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni mfuko usiopitisha hewa, kama PICS: mifuko miwili mizito ya plastiki ndani, kiroba nje. Oksijeni ikipungua wadudu huacha kula, kisha hufa. Vimeng'enya vya kuvunja sumu haviwasaidii kitu. Hata buu aliye ndani ya punje, ambako fukusi hutaga yai na kuliziba, hukosa hewa. Vumbi la dawa halimfikii huko. Sharti ni moja: mahindi yakauke, na hewa ya pwani ina unyevu. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anika tena. Funga kila mfuko peke yake, na usiufungue kila siku. Chota ya wiki mbili kwa mkupuo, uweke kwenye ndoo.

Namba mbili ni pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Lijaze mpaka juu. Kwa nusu gunia ningelichagua hili, maana panya hawalitoboi kirahisi.

Tatu, vumbi lenye viambato viwili, mfano Actellic Super Dust: pirimifosi-methili asilimia 1.6, permethrini asilimia 0.3. Tazama tarehe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na fuata kipimo cha lebo. Ya kupimiwa kwenye kifuko kisicho na lebo, iache dukani.

Vidonge vya kufukizia vinavyotoa fosfini usinunue kabisa, hata kwa bei ya chini. Gesi hiyo huua watu na sumu yake haina dawa ya kuiondoa. Nyumba nyingi za kupanga kuta za vyumba hazifiki juu, kwa hiyo ukifukiza chumbani kwako, anayelala upande wa pili ndiye anayevuta.